Land Rover 110: je, inafaa kubadili breki za dramu za nyuma ziwe za diski?

Mteremko wa Kitonga (muuliza swali)

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninamiliki Land Rover 110 ya dizeli ya mwaka 1988, ambayo mbele ina breki za diski na nyuma ina za dramu, kama ilivyotoka kiwandani. Mara mbili au tatu kwa mwezi ninateremka nayo Kitonga nikiwa na magunia ya viazi kutoka Iringa kwenda Morogoro. Ninapofika katikati ya mteremko, pedali ya breki huanza kuzama hadi nilazimike kuikanyaga mara mbili ndipo gari lishike, na harufu ya kuungua huingia mpaka ndani. Aidha, wakati wa masika, nikishavuka mto, breki za kwanza mbili tatu huwa kama hazipo, kisha gari huvuta upande wa kushoto.

Fundi mmoja amenishauri niondoe dramu kabisa na kufunga diski na kalipa (vibanio vinavyobana pedi kwenye diski) za gari dogo la mtumba, na amesema kwamba atachomelea vishikio vya kalipa kwenye ekseli. Kazi yenyewe anaielezea kuwa ni ya siku moja. Ningependa kujua kama mabadiliko haya yana faida ya kweli, handibreki itakuwaje baada ya dramu kuondoka, na kama kuna kitu kingine kinachopaswa kubadilishwa ambacho fundi huyo hakukitaja.

Spana Kumi na Saba

Ndugu muuliza swali, nitaanza na handibreki kwa kuwa ndiyo nyepesi. Kwenye magari mengi madogo handibreki imo ndani ya dramu za nyuma, hivyo anayehamia kwenye diski hulazimika kutafuta kalipa yenye mkono wa kebo, au diski iliyobeba dramu ndogo katikati yake. Land Rover yako haina shida hiyo, kwa sababu handibreki yake ni dramu ya peke yake iliyofungwa nyuma ya gia boksi ndogo (inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma), inayoshika shafti ya kwenda kwenye difu la nyuma (gia za katikati ya ekseli zinazozungusha magurudumu). Hata ukivua breki zote za magurudumu ya nyuma, handibreki haitaguswa. Nakukumbusha tu usiivute gari likiwa linatembea, maana mshtuko wake huishia kwenye shafti na difu.

Sasa nije kwenye pedali inayozama. Dramu ikipata joto hutanuka, na ikitanuka hukimbia viatu vya breki (vipande vinavyoibana kwa ndani), kwa hiyo mguu hulazimika kusafiri zaidi ili vifike. Diski nayo hutanuka, lakini huzisogelea pedi badala ya kuzikimbia, tena iko wazi kwa upepo. Kwa hiyo kwenye mteremko mrefu wenye mzigo, faida ya diski ni ya kweli. Ile ya masika pia ni ya kweli, kwani dramu hubakiza maji na tope ndani, ilhali diski hujikausha baada ya mizunguko michache.

Hata hivyo, kabla hujatoa hata shilingi moja, vua dramu zote mbili uangalie. Viatu vya breki vya gari lako havijirekebishi vyenyewe. Kuna adjasta nyuma ya bamba zinazopaswa kukazwa kwa spana kadiri viatu vinavyolika, na nimepokea magari mengi ambayo adjasta hizo zilikuwa zimeganda kwa kutu kwa sababu hakuna aliyezigusa kwa miaka. Kuvuta upande mmoja mara nyingi ni dalili ya oili ya difu inayopenya kwenye sili (mpira wa kuzuia oili) ya hubu, yaani kitovu cha gurudumu, na kulowesha viatu. Ukifunga diski huku sili imekufa, oili hiyo hiyo itahamia kwenye pedi.

Je, mafuta ya breki uliyabadilisha lini? Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya huanza kuchemka kwenye nyuzi zisizopungua 230, lakini yakishanyonya unyevu wa kutosha kiwango hicho huweza kushuka hadi karibu na 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke unabanwa kirahisi, ndipo pedali inapozama.

Mteremko wa Kitonga

Nashukuru sana. Nimevua dramu leo asubuhi. Ya kulia ilikuwa imelowa oili na viatu vyake vimekuwa vyeusi kama makaa, na adjasta moja imegoma kabisa kuzunguka. Mafuta ya breki, kwa ukweli, sikumbuki. Bado nina nia ya kufunga diski, ila sasa ninaelewa kwamba gari langu lina magonjwa mawili tofauti.

Ekseli Nzima

Mimi nilifanya badiliko hili kwenye 110 yangu, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usikubali mtu achomelee kishikio cha kalipa kwenye ekseli kwa kukisia. Kishikio hicho hubeba nguvu yote ya kusimamisha gurudumu; kikipinda kidogo, pedi zitalika upande mmoja, na kikikatika, kalipa itageuka na kugonga rimu. Kwenye ekseli za kiwandani kishikio hufungwa kwa boliti pamoja na stabu ekseli (ncha ya ekseli inayobeba hubu), kikiwa kimenyooka sawasawa na diski.

Habari njema ni kwamba kiwanda chenyewe kilishafanya kazi hii. Miaka michache baada ya jina la Defender kuanza kutumika mwaka 1990, gari la 110 lilianza kutoka na diski nyuma, nalo liliendelea kutumia ekseli nzito ya Salisbury kama yako. Njia iliyonipunguzia maumivu ya kichwa ilikuwa kununua ekseli nzima ya nyuma ya 110 iliyotoka na diski, pamoja na kalipa, hubu na paipu zake, badala ya kukusanya kipande hapa na kipande pale. Hakikisha uwiano wa difu (mizunguko ya shafti kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu) ni 3.54 kama ule wa difu lako la mbele. Ukikutana na ekseli ya Land Rover ya zamani zaidi, Series III, ambayo kwa kawaida ni 4.7, iache, gari lako huendesha magurudumu yote manne muda wote, na tofauti hiyo itaharibu gia boksi ndogo. Ekseli ya Discovery ya zamani ina diski pia na bei yake huwavutia wengi, ila difu lake ni dogo, na kwa magunia ya viazi mimi nisingelitegemea.

Spana Kumi na Saba

Naungana na mwenzangu, na ninaongeza lile ambalo wengi hulisahau. Kalipa huhitaji mafuta mengi zaidi kuliko silinda ndogo ya dramu, kwa hiyo masta silinda (pampu ya pedali inayosukuma mafuta ya breki) ya zamani inaweza kukupa pedali ndefu hata baada ya kutoa upepo vizuri. Tafuta masta silinda ya gari lililotoka na diski pande zote. Kagua pia kama kwenye laini ya nyuma kuna valvu inayobakiza presha kidogo kwa ajili ya dramu. Ikibaki, pedi zitakuwa zikisugua diski muda wote hata usipokanyaga breki.

Jambo kubwa zaidi ni mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma. Dramu hujisaidia yenyewe kwa sababu mzunguko wake hukivuta kiatu cha mbele kijikaze, lakini diski hutegemea presha peke yake, hivyo ukubwa wa pistoni za kalipa na valvu ya kugawa presha lazima viwe vya jamii moja. Ukiweka kalipa za gari jingine, unaweza kupata nyuma isiyofanya kazi, au, hatari zaidi, nyuma inayofunga kabla ya mbele, na hapo gari hugeuka mkia mbele kwenye utelezi.

Kazi ikikamilika, tafuta barabara ya vumbi isiyo na watu, gari likiwa tupu, uende kilomita 30 kwa saa ukanyage breki kwa nguvu huku mtu aliyesimama mbali pembeni akitazama magurudumu. Ya mbele ndiyo yanapaswa kufunga kwanza. Rudia ukiwa na mzigo wa kawaida. Na Kitonga endelea kuteremka kwa gia ya pili au ya tatu, breki ukizigusa na kuziachia ili zipumue.

Mteremko wa Kitonga

Nimeelewa. Wiki hii ninabadilisha sili, viatu, adjasta na mafuta ya breki ili gari liweze kufanya kazi, na nimeshamwambia fundi kwamba hatutachomelea chochote. Ekseli yenye diski nitaitafuta taratibu, pamoja na masta silinda yake, na nitakapoipata nitaleta picha za boliti za stabu ekseli kabla ya kuifunga, ili mnisaidie kuikagua.