Naomba ushauri: nimwambie mgonjwa kwamba nami niliugua?

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mimi ni muuguzi wa zahanati hapa Tanga, Ngamiani. Kabla ya kusomea uuguzi niliugua saratani ya titi. Nilikatwa titi, nikapata kemo (dawa kali za saratani) na mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar.

Sasa kuna mama ana uvimbe, kapewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa, Bombo, wakachukue kinyama cha kupima. Hataki kusikia. Anasema kisu kikigusa tu ugonjwa unasambaa, bora mitishamba. Nimemweleza kitaalamu mpaka koo limenikauka. Nikimwambia "hata mimi nilikatwa, si unaniona?" pengine atakwenda. Lakini Tanga hii ukimwambia mmoja umewaambia wote, na mawifi zangu wamo! Zaidi naogopa achukue kupona kwangu kama ahadi, kumbe ugonjwa wake umeshafika mbali.

Halafu wagonjwa wa namna hii wakifariki silali, najipapasa usiku kucha.

Wauguzi na madaktari mliougua mkapona, mpaka kati yenu na mgonjwa mnauweka wapi? Na kikundi cha waliopona, nikitaka kukianzisha hapa mjini, nianzie kwa mganga mkuu wa wilaya au ustawi wa jamii?