Makabati ya jikoni: fundi wa Keko, shorumu, au kuagiza China? Naomba ulinganisho

MamaPacha_Kigamboni

Wakuu, habari za saa hizi. Nyumba imefika hatua ya vigae, sasa naumiza kichwa na jiko. Lina umbo la L, ukuta mmoja mita 3.2, mwingine mita 2.1, dirisha lipo juu ya sinki. Nataka makabati ya chini na ya juu, yadumu, na mfuko usitoboke.

Nimezunguka nikapata bei tatu. Fundi wa Keko, kule kwa mafundi samani wa Dar, ananiambia shilingi milioni 4.4 kwa MDF (bodi ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa), milango ya kupaka rangi, bawaba na reli za droo zimo, kaunta haimo. Shorumu moja wamenipigia milioni 9.8 kila kitu, granaiti na kufunga ndani yake, ila nikiuliza bodi gani wanajibu tu "hii ni ya Ulaya mama". Halafu kuna wakala wa China, dola 1,350 kiwandani Foshan, usafiri na ushuru juu yangu. Mume wangu yeye anasema tujenge ya zege kama kwa mama yake, tupachike milango, kazi imeisha.

Mliopitia huku, ipi inalipa?

Randa

Dada, hizo bei huwezi kuzilinganisha bado. Mmoja hana kaunta, mwingine anayo, wa tatu mzigo wake hata bandarini haujafika. Waambie wote wakuandikie mambo yale yale: mwili wa kabati ni bodi gani na unene gani, mgongo unene gani, kingo zimefunikwa na nini na kwa njia gani, bawaba na reli za nani, ngapi. Asiyetaka kuandika, mpite.

Mimi ni seremala, nakwambia kinachouza jiko ni mlango, kinachokufa kwanza ni mwili. Chipubodi, ile ya chembechembe za mbao zilizogundishwa, ikinyonya maji inavimba na hairudi, skrubu zinalegea, bawaba inaning'inia. MDF ya kawaida ni afadhali kidogo ila nayo kingo zake zinanyonya. Ipo MDF ya kijani ya kuhimili unyevu, hiyo iwekwe angalau chini ya sinki. Lakini ule ukijani ni rangi tu ya kuitambulisha, mjanja yeyote anaweza kuitia. Omba kipande, kata, pima unene, kitumbukize kwenye ndoo ya maji ukakiache hadi kesho yake, pima tena. Shorumu wanaoamini bodi yao watakupa kipande bila kununa.

Mzee wa Bunju

Randa umesahau adui mkubwa wa makabati ya Kibongo: dada wa kazi na ndoo ya kudeki. Huko Ulaya wanapangusa sakafu, sisi tunamwaga maji. Kabati likikalishwa moja kwa moja juu ya kigae linanyonya kwa chini kila asubuhi, hata liwe bodi ya nani. Lazima likae juu ya miguu ya plastiki ya kurekebishika, sentimita 10 hivi, mbele unapachika ubao wa kuziba unaochomoka. Au jenga tuta la zege lenye kigae, makabati yakae juu yake.

Randa

@Mzee wa Bunju hapo umegonga penyewe. Na mchwa vilevile wanapenda kabati lililogusa ukuta na sakafu, wanapanda kwa nyuma hujui mpaka sahani zianguke.

Mkadiriaji

Shem, hiyo ya China nikupigie hesabu kabla hujatuma hela.

Tuseme mzigo dola 1,350, usafiri na bima dola 450 (nakisia, muulize wakala), jumla 1,800. Samani zipo kwenye daraja la ushuru la asilimia 35 la Afrika Mashariki tangu Julai 2022. Hapo ni 630, unafika 2,430. Juu yake VAT ya asilimia 18, ambayo inapigwa kwenye mzigo pamoja na ushuru, si mzigo peke yake: 437. Unafika kama dola 2,867 kabla ya tozo ndogondogo, bandari, gari ya kuleta Kigamboni na fundi wa kufunga. Na hapo bado kaunta.

Kuna mawakala wanaotoza kwa ujazo, bei moja "kila kitu ndani". Sawa, ila uliza karatasi za forodha zitatoka kwa jina la nani.

Tatizo langu na China si ubora, kuna viwanda Foshan vinatoa kazi safi sana. Tatizo ni vipimo. Kuta zetu hazijanyooka. Kona unayoiita nyuzi 90 ina 88 au 92. Fundi wa hapa anakwangua, anapunguza, anaweka kibanzi. Mzigo wa China umekatwa kwa milimita, na mlango mmoja ukivunjika njiani unasubiri kontena lijalo.

KakaLikoni

Salaam kutoka Mombasa. Kuhusu vifaa vya chuma: aliye karibu na bahari asidanganywe na bawaba inayong'aa. Nyingi ni chuma kilichopakwa nikeli, chumvi ya hewani inaanza kuila kwenye kiungo cha kati. Kigamboni na Likoni ni upepo mmoja. Tafuta chuma cha pua cha daraja la 304. Ukishindwa bei, basi weka hizo kwenye makabati ya sinki na jiko tu, kwingine weka za kawaida.

Na idadi pia. Mlango ukipita urefu wa sentimita 90 weka bawaba tatu. Mafundi wengi hubana mbili.

Jingine, huku kwetu mafundi wengi hutoza kwa futi ya urefu wa ukuta. Ukikubali bei ya futi bila kusema droo ngapi, utaletewa milango mitupu na rafu moja katikati. Droo ndiyo inayokula hela, kwa hivyo ndiyo ya kwanza kupotea.

Mpishi_wa_Shughuli

Jamani mnaongea bodi na bawaba, hamna anayeuliza nani anapika na anapika nini?

Mamangu, simama wima, kunja mkono, pima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Kaunta iwe chini ya hapo kwa sentimita 10 hadi 15. Mafundi wote watakutajia sentimita 90 wameikariri, kwa mtu mfupi ni mateso. Halafu upande wa jiko ndio muhimu zaidi. Kama jiko lako la gesi ni la kukalisha juu ya kaunta, yale ya plati mbili, lenyewe lina kimo chake, juu yake sufuria, sasa songa ugali wa watu wanane hapo uone bega litakavyosema. Shusha kipande cha kaunta cha jiko kiwe chini kuliko kwingine, au chukua jiko la kuzamisha.

Chini ya kaunta usijaze milango. Droo pana mbili za kina kwa masufuria, reli zilizoandikwa kilo 35 au 45. Kuinama na kuingiza kichwa kabatini kutafuta mfuniko ni kazi ya ujana. Acha na nafasi ya ndoo la mchele na unga, hilo shorumu hawalijui, wao wanaweka kikapu cha chupa za mvinyo.

Bi_Malindi

Assalaam alaykum. Mie niko Maskati, ila nyumba yangu ipo Unguja. Mbona hamna aliyetaja aluminiamu? Huku Omani majumba mengi jikoni ni aluminiamu tupu, mwili na milango. Havimbi, mchwa hamli, unapiga maji na sabuni ukamaliza. Unguja nako mafundi wa madirisha wanayafanya, na nshayaweka kwangu.

Kasoro zake nazisema: yana kelele ukifunga kwa nguvu, yakigongwa na mtungi yanabonyea na bonyeo halitoki, na uzuri wake ni wa hospitali. Chagua yaliyopakwa rangi ya unga ya kuokwa, si ile ya fedha tupu. Bei huwa haipishani sana na MDF nzuri, lakini inategemea unene wa aluminiamu, na hapo ndipo wanapoiba.

Dogo_Tegeta

Aluminiamu? Bibi, jiko linafanana na kibanda cha M-Pesa 😂

Bi_Malindi

Mjukuu wangu, kibanda hicho cha M-Pesa kinapigwa mvua na jua na bado kimesimama. MDF yako vipi?

Mzee wa Bunju

😂😂 Dogo kajibiwa.

Nirudi kwenye zege, maana shemeji yetu ametupwa kando. Zege si ushamba. Faida yake ni maji, unadeki unavyotaka. Hasara yake ni nafasi. Kila kiukuta cha kugawa, ukishapiga lipu na kigae pande zote mbili, kinakula sentimita 12 mpaka 15. Viukuta vinne umepoteza nusu mita ya jiko lako. Na bawaba za kisasa za kikombe cha milimita 35, zile zinazozama kwenye tundu la mlango na kufungwa kwa skrubu kwenye mwili wa kabati, hazishiki kwenye kigae, inabidi uweke fremu ya mbao, na fremu hiyo mchwa wanaijua. Droo ndio usahau kabisa.

Ninachopenda ni mseto: sehemu ya sinki peke yake iwe ya zege, kwingine bodi.

Mama_Ngoma_Tanga

Mbao je? Huku Tanga tiki ya Muheza ipo, na wengine wanapenda mninga na mkongo.

Randa

Mama, mbao ngumu kwa mlango ni raha, kwa mwili ni kuchoma hela. Na hatari ya mbao ni ubichi. Fundi ananunua mninga haujakauka, mlango unakaa sawa mpaka kiangazi kikishika unapinda kama upinde, haufungi tena. Ukitaka sura ya mbao, fanya mwili wa bodi, milango ya mbao iliyokaa ikakauka vizuri, paneli ya katikati ielee kwenye mfereji wake isigundishwe. Fundi akikuuliza "ielee vipi?" mshukuru, mtafute mwingine.

Sasa niseme njia ambayo dada hajaitaja, na ndiyo ninayowashauri wateja wangu. Siku hizi wauzaji wa bodi wakubwa Dar, na Nairobi pia, wana mashine za kukata na kubandika utepe wa kingo. Unachorewa jiko, fundi anaandika orodha ya vipande, bodi inakatwa kwa mashine na kingo zinabandikwa kwa gundi ya moto. Fundi kazi yake inabaki kuunganisha na kufunga. Hapo ndipo tofauti kubwa ya shorumu na Keko inapoishia, maana kilichokuwa kinawaangusha mafundi ni utepe wa kubandika kwa gundi ya mkono, mwaka mmoja unaanza kufumuka karibu na jiko.

Mkadiriaji

Naongezea hapo kwa Randa. Bodi ni milimita 2,440 kwa 1,220. Ukikata makabati ya kina cha sentimita 60, vipande viwili vinaingia kwenye upana na msumeno unapata nafasi yake. Fundi akikuwekea kina cha 65, unapata kipande kimoja kwa upana na mabaki marefu unayoyalipia. Makabati ya juu yakae kina cha 30, nafasi kati yake na kaunta sentimita 50 hadi 60. Yule wa milioni 4.4 muulize anatumia bodi ngapi. Idadi ya bodi ndiyo itakwambia anajua au anakisia.

Malipo usitoe yote. Bodi na vifaa nenda naye mkanunue, ulipe dukani mwenyewe, risiti yako. Ufundi mlipe kwa hatua, kipande cha mwisho baada ya milango kusawazishwa.

MamaPacha_Kigamboni

Jamani mmenifungua macho. Nilirudi shorumu na swali la bodi, wakakubali kutaja: chipubodi ya milimita 16, mgongo milimita 3. Kwa milioni 9.8! Kipande cha kulowesha wamesema "sera hairuhusu". China nimeiweka pembeni baada ya hesabu za Mkadiriaji.

Fundi wa Keko kakubali kukata kwa mashine, MDF ya kijani chini yote, ya kawaida juu. Imefika milioni 5.1 bila kaunta, droo tano zimo. Mume wangu amepata zege lake chini ya sinki, amani nyumbani 😄 Granaiti naulizia ya milimita 20.

Maswali mawili ya mwisho. Mtungi wa kilo 15 niuweke kabatini? Na kipi kinatangulia, vigae au makabati?

KakaLikoni

Mtungi uweke nje, dada, kwenye kibanda chenye matundu, bomba lipite ukutani. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini. Ndani ya kabati lililofungwa inajikusanya usijue. Ikibidi ukae ndani, kabati hilo litobolewe matundu chini kabisa, usawa wa sakafu, na lisiwe na soketi.

Randa

Sakafu kwanza, vigae vifike hadi ukutani, usiruhusu fundi vigae aishie pale makabati yanapoanza. Halafu makabati ya chini. Granaiti ipimwe makabati yakiwa yameshafungwa, si kwa mchoro. Vigae vya ukutani vije baada ya granaiti, vikalie juu yake, silikoni kwenye kiungo. Makabati ya juu mwisho.

Tundu la bomba la gesi na mabomba ya umeme yatobolewe kabla ya yote hayo. Granaiti itokeze mbele ya milango sentimita 2 au 3, na chini ya ukingo wake wachonge kamfereji kadogo maji yadondokee chini yasirudi kwenye bodi. Sinki uinunue mapema umkabidhi fundi granaiti aishike mkononi, asikate kwa kipimo ulichomtumia WhatsApp.