Nimeuziwa Vitz bovu, taa ya injini ilikuwa imezibwa makusudi. Nifanyeje?

MwalimuKibaha

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Naomba ushauri wenu, ila naomba pia mnisome mpaka mwisho kabla hamjanihukumu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Kibaha. Nina mtoto wa miaka sita mwenye seli mundu na kliniki yake ni Muhimbili. Kila anapozidiwa usiku nahangaika na bodaboda mpaka barabarani, mtoto analia maumivu, mvua wakati mwingine inatunyeshea wote wawili. Ndiyo maana nikachukua mkopo wa kazini, nikaongeza na fedha yangu ya kikoba, nikatafuta gari dogo. Sikuwa natafuta sifa mtaani.

Dalali akanipeleka kwa kaka mmoja Sinza, ana Toyota Vitz ya 2006, cc 990, namba D, rangi ya fedha. Ndani safi, viti havijachanika, AC inapuliza vizuri. Tulipofika gari lilikuwa tayari linaunguruma nje ya geti. Nilienda na fundi, lakini fundi mwenyewe nilitafutiwa na yule dalali. Akafungua boneti, akasikiliza, akasema, "Dada, hapa umepata gari." Tukazunguka mitaa ya Sinza dakika kumi hivi. Nikalipa 8,700,000, tukaandikishana mkataba kwa wakili, nikapewa kadi. Jina kwenye kadi ni la huyo huyo muuzaji, hilo nashukuru nililiangalia.

Siku ya nne natoka Muhimbili na mwanangu, foleni ya Kimara imesimama. AC ikaanza kutoa hewa ya moto. Tulipofika Kibamba nikaona mvuke unatoka kwenye boneti, gari likazima. Watu wakanisukuma pembeni. Mtoto akaniuliza kama gari limekufa.

Nimelipeleka kwa fundi mwingine huku Kibaha ambaye hamjui dalali wala muuzaji. Aliyoyakuta ni haya: thamostati (kifaa kinachoongoza maji ya kupoza injini kulingana na joto) imetolewa, feni imeungwa moja kwa moja ili izunguke muda wote, kwenye rejeta ni maji ya bomba yenye kutu, na nyuma ya kioo cha dashibodi, pale penye taa ya injini, pamebandikwa kipande cha selotepu nyeusi. Fundi amekibandua vizuri kwa wembe mbele yangu. Anasema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, imeungua.

Nimempigia muuzaji, kasema gari lilitoka kwake likiwa zima na mkataba umeandika "gari limeuzwa kama lilivyo". Tangu hapo hapokei simu.

Fundi ameniambia kuna njia tatu: nitengeneze, nifunge injini ya mtumba, au alirekebishe juu juu nimuuzie mtu mwingine. Nimechoka kiasi kwamba hii ya tatu imenipitia kichwani. Naombeni ushauri.

FundiSilinda

Pole sana, mwalimu. Nina miaka 19 chini ya magari, nikuulize machache kabla hujalipa hata shilingi.

Huyo fundi amejuaje kama ni gasketi? Amepima kompresheni, yaani presha ndani ya silinda? Ametoa plagi ukaziona? Gari linaweza kuchemsha kwa sababu nyingi: rejeta imeziba, pampu ya maji imechoka, kifuniko cha rejeta hakishiki presha. Kifuniko hicho watu wanakidharau, lakini ndicho kinachofanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100. Kikilegea, maji yanachemka mapema hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Angalia pia oili. Fungua kifuniko cha kujazia oili: ukikuta utando kama chai ya maziwa, maji yameingia. Usipoukuta bado si salama, gasketi inaweza kuwa imekatika kati ya silinda na njia ya maji bila kugusa njia ya oili.

Usiliwashe tena gari hilo mpaka upate majibu. Injini hiyo ni ya pistoni tatu, bloku na hedi vyote ni alumini. Kila likichemka hedi inazidi kupinda. Leo ni gasketi, kesho unanunua hedi.

BabaWawili

Dada, mie nitasema ukweli. Umekosea sehemu moja tu: kwenda kununua gari na fundi wa dalali. Fundi yule alikuwa na cha juu chake pale. Yalinikuta Morogoro mwaka 2019, nikauziwa gari ambalo gia boksi yake ilikuwa inateleza ikipata moto, na fundi aliyenihakikishia nilikuja kumwona wiki iliyofuata anakunywa soda na muuzaji.

Na gari kukuta limewashwa tayari, hiyo ni alama. Gari la kununua unalikuta limelala. Unashika boneti kwa kiganja, ikiwa ya moto unaomba urudi kesho asubuhi. Maradhi mengi ya injini yanajionyesha kwenye ule mwasho wa kwanza: moshi, mtikisiko, kelele ya cheni.

Pole lakini. Mungu amfanyie wepesi mwanao.

Kaka_wa_Tabata

Fuata ile njia ya tatu ya fundi. Funga vizuri, weka thamostati mpya, uza. Nawe uliuziwa hivyohivyo. Mjini hapa kila mtu anabeba msalaba wake.

BintiMzizima

@Kaka_wa_Tabata, atakayeuziwa naye ana mtoto. Mwalimu, usifanye. Ukitaka kuliuza liuze ukisema ubovu wake, kwa bei ya gari bovu, tena uandike kwenye mkataba. Wapo mafundi wanaonunua magari ya aina hiyo kwa ajili ya spea na bodi. Utapata hasara, ila utalala.

Pia: umeingia kwenye mfumo wa Polisi kuangalia kama namba hiyo inadaiwa faini za barabarani? Angalia leo. Usije ukabeba na deni.

WakiliMtaani

Mwalimu, mimi ni mwanasheria. Kile kipande cha selotepu kiko wapi?

Nauliza kwa sababu kesi yako yote iko pale. Gari bovu peke yake halikupi nguvu kubwa mbele ya muuzaji binafsi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, inamlinda zaidi mtu aliyenunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa hizo, kama yadi ya magari. Huyu ni mtu aliyeuza gari lake. Tena ulikagua, kwa hiyo atasema ulikuwa na nafasi ya kuona.

Lakini Sheria ya Mikataba, Sura 345, ina jambo la udanganyifu, na kuficha ukweli makusudi ni udanganyifu. Taa haizibwi na vumbi. Mtu alifungua dashibodi, akakata selotepu kwa kipimo, akabandika, akafunga. Yale maneno "limeuzwa kama lilivyo" yanamkinga na ubovu wa kawaida wa gari lililotumika. Hayamkingi na ulaghai wake mwenyewe. Mkataba uliopatikana kwa ulaghai, aliyelaghaiwa ana haki ya kuukataa.

Kwa hiyo fanya hivi kabla spana haijagusa chochote. Piga picha selotepu ikiwa bado dashibodini, au kama imeshatolewa iweke kwenye bahasha na picha zake. Fundi akuandikie ripoti yenye tarehe, kilomita zilizosomeka, namba ya chesisi na saini yake. Mwite shahidi mmoja asiye ndugu yako, mwenyekiti wa serikali ya mtaa anatosha kabisa. Tunza meseji zote. Usiendelee kulitumia gari, maana ukilitumia mwezi mzima utaonekana umelikubali. Na kama hujahamisha umiliki TRA, subiri kidogo. Ukija kulirudisha, uhamisho mara mbili ni gharama mara mbili.

Halafu mwandikie barua ya madai, umpe siku 14. Asipojibu unaenda Mahakama ya Mwanzo. Kiasi chako hakizidi kiwango chake, na kesi inaendeshwa kwa Kiswahili. Polisi unaweza kwenda pia, kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa la jinai, ila jiandae kuambiwa ni madai.

Tatizo ni moja: atasema ilizibwa na mmiliki wa kabla yake. Una kitu cha kuonyesha kwamba alijua?

MwalimuKibaha

Nimesoma yote, nashukuru sana. Bado sijahamisha umiliki. Faini nimeangalia, halidaiwi.

@FundiSilinda, leo nimesimama pale fundi akipima. Ametoa plagi tatu akazipanga juu ya gazeti. Mbili zina rangi ya kahawia iliyokolea, ya kati ni nyeupe, safi, kama imeoshwa kwa sabuni. Silinda hiyo ya kati kompresheni yake iko chini sana kuliko wenzake. Oili haijawa maziwa. Ila mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu kama jiwe dakika mbili tu baada ya kuwasha, hata maji hayajapata moto.

@WakiliMtaani, bahasha ninayo, na mwenyekiti amekuja amesaini. Kuhusu kujua kwake: chini ya zulia la kiti cha nyuma tumekuta risiti ya gereji moja ya Dar, ina namba ya gari hili na jina la muuzaji, ya miezi miwili kabla hajaniuzia. Imeandikwa kwa kalamu: kufungua hedi, gasketi, kuunga feni.

FundiSilinda

Basi ni gasketi. Plagi kuoshwa maana yake maji yanaingia silinda ya kati na kugeuka mvuke, na mpira kuwa mgumu injini ikiwa ya baridi maana yake presha ya silinda inaingia kwenye njia ya maji.

Na sasa tunajua kwa nini iliungua tena. Alibadilisha gasketi juu ya hedi iliyopinda. Hedi ikitoka lazima ilazwe, ipimwe kwa rula ya chuma na filer geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), ipelekwe ikasagwe kama imepinda, ipimwe na presha kama ina ufa. Bolti zikazwe kwa mpangilio na kipimo chake, si kwa nguvu za mkono. Usipofanya hivyo gasketi mpya ni karatasi tu.

Thamostati irudishwe. Mafundi wetu wanaitoa wakidhani wanasaidia, kumbe injini haifiki joto lake barabarani, kompyuta inamwaga mafuta kana kwamba ni asubuhi muda wote. Feni irudi kwenye waya zake. Weka kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini, si maji ya bomba.

Injini ya mtumba usikimbilie. Hujui nayo imetoka wapi.

WakiliMtaani

Mwalimu, hiyo risiti toa nakala tatu leo hii. Halisi usimpe mtu yeyote, hata mimi.

DerevaWaUsiku

Ongezeni hili: taa zote za dashibodi ziangaliwe kabla ya kuwasha. Unazungusha ufunguo hatua moja bila kuwasha, taa ya injini lazima iwake, ukiwasha injini izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameigusa. Na Vitz hiyo haina mshale wa joto, ina taa ya bluu ikiwa baridi na nyekundu ikichemka. Ukisubiri nyekundu umeshachelewa.

MwalimuKibaha

Wakuu, narudi na mrejesho, wiki tatu zimepita.

Barua ilipelekwa na kijana wa ofisi ya mwenyekiti, muuzaji akasaini kupokea. Siku ya tisa akapiga simu mwenyewe. Alianza kwa ukali, nikamwambia, "Kaka yangu, risiti yako ya gereji ninayo." Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Akaniomba tuonane.

Tulikaa ofisini kwa mwenyekiti. Alikuja na mama yake mzazi, na yule mama ndiye aliyeniomba radhi. Kurudisha 8,700,000 yote alisema hana, ameshainunulia kiwanja, akatuonyesha hati za mauziano. Mngenishauri nikomae na mahakama, najua. Lakini nina zamu za kliniki, na siwezi kukaa miezi bila gari wala fedha. Tumekubaliana kwa maandishi alipe matengenezo yote kwenye gereji niliyochagua mimi, na anirudishie 600,000 juu yake. Ameshalipa 1,350,000 ya gereji. Laki sita ameleta nusu, nyingine mwisho wa mwezi, mama yake ndiye mdhamini.

Hedi ilikuwa imepinda kweli. Haina ufa. Nilienda na fundi mpaka kwenye mashine ya kusaga, nikaiona ikitoka inang'aa kama sufuria mpya.

WakiliMtaani

Umepatana vizuri. Hayo makubaliano yana tarehe ya malipo ya mwisho na saini ya mdhamini? Kama yapo, tulia. Sasa hamisha umiliki.

BabaWawili

Hongera mwalimu. Mtoto anaendeleaje?

MwalimuKibaha

Saini na tarehe vyote vipo. TRA naenda Jumatatu.

Mtoto anaendelea vizuri, kliniki ilikuwa jana. Tulikaa foleni ya Kimara karibu saa nzima, AC imewashwa, nikawa namsikiliza yeye na nasikiliza feni: inawaka, inazima, inawaka. Alilala mpaka Kibaha. Asubuhi hii kabla ya kwenda shule nimefungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya baridi, kama fundi alivyonielekeza. Kulanti iko palepale, nyekundu, mpaka ukingoni.