Naomba ushauri: nimpumzishe vipi msomaji wetu wa kujitolea bila kumuumiza?

Binti_Mvumi: Wanajukwaa, habari za jioni. Tangu Januari, mimi na wenzangu 3 tunawasomea hadithi kwa sauti watoto wa miaka 3 hadi 6, kila Jumamosi, katika kijiji kimoja cha tarafa ya Mvumi, wilayani Chamwino. Tulianza na watoto 9, sasa wamepita 30. Mwisho wa mwezi tunatembelewa na wageni wanaotaka kutupatia vitabu, nami naona msomaji mmoja apumzishwe kabla hawajafika. Nimwambieje?

Mwalimu_Mstaafu: Dada, hongera. Nimefundisha darasa la awali miaka mingi, na mtoto aliyesomewa nyumbani nilimtambua siku ya kwanza, kwa sababu ukinyamaza katikati ya hadithi anauliza ikawaje. Asiyewahi kusomewa huanza KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) akiwa hajui hata kwamba yale maandishi ndiyo yanayosema. Rudieni hadithi ileile mara nyingi, mkiwaacha watoto wabashiri kinachofuata, na msihangaike na wingi wa vitabu.

Mtani_wa_Kongwa: Lawama ni yetu wazazi. Programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto wa miaka 0 hadi 8 ilizinduliwa hapahapa Dodoma Desemba 2021, lakini baba anayenunua vocha kila siku hujiona maskini akiombwa kitabu kimoja.

Mama_Wawili: Swali la dada halijajibiwa, na yeye mwenyewe hajasema kosa la huyo msomaji. Anachelewa? Anawachapa watoto?

Binti_Mvumi: Hachelewi wala hachapi. Hajui kusoma. Ni mama mkwe wangu. Hufunua picha akasimulia kwa Kigogo, na anachosimulia hakilingani na maandishi. Siku moja alishika kitabu juu chini. Mtoto wa miaka 4 akainuka, akakigeuza taratibu mikononi mwa bibi, akarudi kuketi. Nimeshamwomba mume wangu amwambie kwamba kuanzia sasa atapika uji. Sikufanya hivyo kwa dharau. Nahofia wageni wakiona hayo waseme tunawadanganya.

Zabibu_Tamu: Umenikumbusha bibi yangu. Mwalimu Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, bibi alikwenda darasani na mtoto mgongoni, na hadi anafariki aliandika jina lake kwa herufi kubwa kwenye kila gunia la mtama.

Mwalimu_Mstaafu: Huyo mtoto aliyegeuza kitabu amejifunza wapi kitabu kinavyosimama? Mkekani kwenu. Na mtoto anayezungumza Kigogo nyumbani anahitaji kwanza kuielewa hadithi kwa lugha yake, ndipo maneno ya Kiswahili yapate pa kushika.

Msema_Kweli: Samahani, naona uzi huu umetungwa. Januari ni msimu wa kilimo, Chamwino yote iko shambani na mvua inanyesha. Hao watoto 9 mliwapata wapi, na waliketi wapi?

Binti_Mvumi: Tuliketi kwenye baraza la mashine ya kusaga, tukisubiri injini izimwe ndipo tuanze. Watoto walikuwepo kwa sababu mama mkwe haendi tena shambani, magoti yanamsumbua, hivyo majirani walimwachia watoto wao tangu alfajiri. Alikuwa akiwasimulia hadithi hata kabla sisi hatujaleta vitabu.

Msema_Kweli: Basi naomba radhi, dada. Lakini hilo ulipaswa kulisema mwanzoni kabisa, maana hao 9 walikuwa wa kwake.

Mama_Wawili: Wewe soma ukurasa kwa Kiswahili huku kidole kikifuata mstari, kisha mpe yeye kitabu aueleze kwa Kigogo na kuwauliza maswali. Wageni waelezeni hivyohivyo ilivyo. Kama ni watu wa watoto, wataelewa.

Binti_Mvumi: Nilidhani wageni wanataka kuona wasomaji tu. Na mume wangu alishamwambia juzi. Alikubali kupika uji, hakulalamika. Aliuliza tu kama jiko linaweza kuwekwa karibu na baraza ili aisikie hadithi. Nitakwenda kwake mwenyewe kesho jioni, kabla ya Jumamosi.