Hospitali za serikali au za binafsi: nchi nyingine zimefanyaje, na chama chetu kichague nini?

Katibu wa Chama, Kisumu

Hamjambo ndugu na dada. Mimi ni katibu wa chama cha wachuuzi wa samaki na mboga hapa Kisumu, wengi wetu akina mama, na katika mkutano uliopita tulishindwa kukubaliana juu ya jambo moja ambalo nimeona nilifikishe kwenu. Baadhi ya wanachama wanataka chama kimlipie kila mtu mchango wa mwaka wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Wengine wanasema fedha hizo zinunue bima ya kampuni ya binafsi, kwa hoja kwamba hospitali za serikali hukosa dawa, na kwamba hata Marekani, pamoja na utajiri wake wote, imeiachia sekta ya binafsi kazi ya matibabu. Mama mmoja ambaye binti yake ni muuguzi Uingereza alisimama akasema kwamba huko mgonjwa hutibiwa bila kutoa hata senti, na kwamba hiyo ndiyo haki. Baada ya hapo hakuna aliyemsikiliza mwenzake.

Naomba wenye ujuzi wanisaidie. Tukilinganisha nchi mbalimbali, ni mfumo upi, wa serikali au wa binafsi, uliowafaa watu wasio na mshahara wa mwezi kama sisi? Siasa tunazo za kutosha. Nataka maelezo ninayoweza kuwasomea wanachama.

Mwalimu wa Uchumi, Kakamega

Salamu, Katibu. Wanachama wako wanabishana kuhusu mambo mawili kana kwamba ni moja: nani mwenye hospitali, na nani anayelipa. Nchi nyingi zimeyatenganisha, na ukiyatenganisha hata wewe, utaona kwamba lile la pili ndilo linalomgusa mchuuzi wa samaki zaidi.

Tuanze na Uingereza. Huduma yao ya Taifa ya Afya ilianza tarehe 5 Julai 1948, Aneurin Bevan akiwa waziri wa afya, na gharama zake hutoka hasa katika kodi ya jumla. Hospitali nyingi ni za umma, lakini madaktari wa familia, ambao ndio mlango wa kwanza wa mgonjwa, wengi wao si waajiriwa wa serikali. Wana kliniki zao wenyewe na hufanya kazi kwa mkataba. Na mama aliyesema hakuna hata senti inayotolewa amekosea kidogo, kwa kuwa England, sehemu kubwa zaidi ya Uingereza, wagonjwa wengi wa umri wa kufanya kazi hulipa ada kwa kila dawa waliyoandikiwa, ingawa Scotland na Wales zimeifuta ada hiyo.

Ujerumani ilianzisha bima ya ugonjwa ya lazima kwa wafanyakazi mwaka 1883, enzi za kansela Bismarck. Leo karibu watu tisa kati ya kumi wamo katika mifuko ya bima ya umma, ambayo haiwezi kumkataa mwombaji kwa sababu ya ugonjwa wake, na mwajiri na mwajiriwa hugawana mchango, ambao kiwango chake cha msingi ni asilimia 14.6 ya mshahara. Hospitali zenyewe zimechanganyika: za miji na majimbo, za makanisa, na za makampuni. Mgonjwa aliyelazwa katika hospitali ya kampuni hulipiwa na mfuko uleule ambao ungemlipia kwenye hospitali ya mji. Uswisi imekwenda mbali zaidi, kwani tangu 1996 kila mkazi hulazimika kununua bima kutoka kwa kampuni, lakini sheria inazikataza kampuni hizo kupata faida katika huduma za msingi na kumkataa mtu yeyote.

Sasa Marekani, ambayo wanachama wako wameisifu bila kuifahamu. Tangu 1965 serikali yake hulipia wazee wa miaka 65 na zaidi kupitia Medicare, na watu wenye kipato cha chini kupitia Medicaid, hivyo fedha za umma katika matibabu ya huko ni nyingi mno. Wanaobaki hutegemea zaidi bima ya binafsi inayopitia kwa mwajiri. Nchi hiyo hutumia takriban asilimia 17 ya pato lake lote kwa afya, kiwango ambacho hakuna nchi nyingine tajiri inayokifikia, na bado watu zaidi ya milioni 20 hawana bima yoyote. Sababu kubwa ni bei: kila kampuni ya bima hupatana na kila hospitali kivyake, na mtu mmoja mmoja hana nguvu ya kukataa bei anayotajiwa akiwa kitandani.

Lakini kwa chama chenu nisingekaa sana Ulaya wala Marekani, kwa sababu huko sehemu kubwa ya fedha hutoka kwenye mishahara, na ninyi mshahara hamna. Tazameni Thailand. Mwaka 2002 ilianzisha mpango wa kuwahudumia wakulima, wachuuzi na wote waliokuwa nje ya bima za waajiriwa. Mgonjwa alitoa baht 30, fedha ya huko, kwa kila ziara, na sehemu iliyobaki ikatoka kwenye kodi. Serikali haikujisumbua kumfuata mchuuzi sokoni kumdai mchango wa mwaka. Ghana, iliyotunga sheria yake ya bima ya afya mwaka 2003, ilipata njia nyingine: tozo ya asilimia 2.5 kwenye bidhaa na huduma, hivyo hata asiye na ajira rasmi huchangia anunuapo vitu vinavyotozwa. Rwanda ilithubutu kumdai mwananchi wa kawaida moja kwa moja, lakini kaya maskini kabisa zililipiwa, nyingine nyingi zikatoa faranga 3,000 kwa kila mtu kwa mwaka, na viongozi wa vijiji walifuatilia nyumba kwa nyumba. Huo ufuatiliaji ndio wengi wanaosifu Rwanda husahau kuutaja.

Kenya imechagua njia ngumu. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, tarehe 1 Oktoba 2024, humkata mwajiriwa asilimia 2.75 ya mshahara, na humkadiria asiye na ajira rasmi kwa maswali kuhusu kaya yake, kisha humtaka alipe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Kwangu mimi, hapo ndipo penye kasoro. Anayepata fedha zake siku kwa siku hana shilingi 3,600 za kutoa leo kwa ugonjwa ambao bado haujamfika.

Muuguzi, Nakuru

Mwalimu ameeleza vizuri upande wa fedha, lakini nahofia amepita upesi mno kwenye swali la nani mwenye hospitali, pengine kwa kuwa hajawahi kusimama wodini usiku.

Sisi tumekwisha kubadilisha njia za kulipa mara nyingi. Mwaka 1989 serikali ilianza kuwatoza wagonjwa kwa jina la kuchangia gharama. Mwaka 2004 ada ikashushwa hadi shilingi 10 kwenye zahanati na 20 kwenye vituo vya afya. Mwaka 2013 ikafutwa huko kabisa. Kisha Desemba 2018 Kisumu yenu, pamoja na Nyeri, Machakos na Isiolo, ilichaguliwa kufanyia majaribio mpango wa Afya kwa Wote, na ada za hospitali za kaunti zikaondolewa. Kila ada inaposhuka, foleni hurefuka, na hilo ni jambo jema, maana linaonyesha ni wangapi waliokuwa wakiugulia nyumbani. Lakini foleni ikirefuka huku wauguzi ni walewale na dawa ni zilezile, mgonjwa hupewa karatasi aende akanunue kwenye duka la dawa lililo nje ya lango. Amelipa tena, ila malipo hayo hayaandikwi popote.

Jambo la pili ni madaktari. Wengi huajiriwa na kaunti na jioni huwa na kliniki zao mjini, na sheria haiwakatazi. Simlaumu mtu ambaye mshahara wake hucheleweshwa. Hata hivyo, katika hospitali moja niliyofanyia kazi, mgonjwa aliyekosa kumwona daktari bingwa asubuhi alielekezwa waziwazi amfuate kwenye kliniki yake saa kumi. Hapo, Mwalimu, mwenye hospitali na mwenye kulipa hawatengani kirahisi hivyo. Canada kwa muda mrefu imembana daktari anayelipwa na bima ya umma asitoze pia mgonjwa kwa huduma ileile, na sheria yao ya mwaka 1984 huyapunguzia fedha majimbo yanayoruhusu jambo hilo. Uingereza nayo, pamoja na sifa zake, ina orodha ya kusubiri matibabu yenye kesi takriban milioni saba huko England, na baadhi ya wenye uwezo huikwepa kwa kulipa binafsi.

Mhasibu, hospitali ya misheni, Magharibi

Nitasema machache. Hospitali za misheni si za serikali wala si za biashara, na katika kaunti zetu za magharibi zinabeba wagonjwa wengi. Tatizo letu na bima ya umma si kiwango cha malipo pekee bali ni lini malipo yanafika. Tunamtibu mgonjwa leo, tunatuma madai, kisha tunangoja huku msambazaji wa dawa akitudai. Hospitali inayongoja sana huanza kumwomba mgonjwa alipe kwanza.

Kwa Katibu: kabla hamjaamua, jueni kwamba mchango wa SHA hulipiwa kaya nzima, yaani mume, mke na watoto, ilhali bima za binafsi mara nyingi hupanga bei kwa kila kichwa na kwa umri, na nyingi hazimpokei mzee kwa mara ya kwanza. Jueni pia kwamba huduma za msingi kwenye zahanati na vituo vya afya hulipiwa kutoka mfuko wa serikali kwa kila aliyesajiliwa, hata kama hajatoa mchango. Mchango mnauhitaji kwa ajili ya kulazwa na upasuaji.

Katibu wa Chama, Kisumu

Nawashukuru nyote. Nitapendekeza kwamba wote wasajiliwe wiki hii, kwa kuwa usajili haulipiwi, na kwamba kila mwanachama aweke kitu kidogo kila siku ya soko hadi mchango wa kaya yake utimie. Zile harambee tunazochangishana kwa simu mtu anapolazwa nisingependa ziachwe, baada ya kusoma maneno ya Muuguzi. Zitabaki kwa ajili ya dawa zinazokosekana na nauli.

Muuguzi, Nakuru

Katibu, fanyeni hivyo. Mkienda kulazwa, ulizeni kabla ya kuingia wodini kama hospitali hiyo ina mkataba na SHA kwa huduma mnayoihitaji, maana nyingine zina mkataba wa kujifungua lakini hazina wa upasuaji.