Mdogo wangu kapata TaSUBa Bagamoyo, mji wenyewe una nini zaidi ya ufukwe?

MpitaNjia
Wakuu habari za mchana. Dogo kachaguliwa TaSUBa, kile chuo cha sanaa cha Bagamoyo, anaenda kusoma muziki, wikendi hii nampeleka kumtafutia chumba. Bagamoyo huwa napita tu nikienda Msata, mjini kwenyewe sijaingia. Jumapili nina muda mpaka jioni, nianzie wapi? Na yale majengo ya kale bado yapo au yameshaanguka?

KijanaWaDunda
Hongera kwa dogo. Anzia misheni mkuu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika 1868 wakaanzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa, na mnara wa kanisa la zamani upo mpaka leo, hapo ndipo ulipolazwa mwili wa mpelelezi Livingstone Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Watu wanamtaja Mzungu tu, mimi nawakumbuka watumishi wake Chuma na Susi na wenzao waliombeba kwa miguu miezi na miezi kutoka huko Zambia ya leo. Halafu upo mbuyu mkubwa hapo nje, angalia kwenye shina utaona mnyororo umechomoza kidogo, mwingine wote mti umeshaumeza.

Mwanapwani
Misheni sawa ila imetunzwa, haitakuonyesha hali ya mji. Pita Mtaa wa India taratibu, tazama milango ya nakshi halafu tazama kuta. Nyumba zile ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, ukuta wake unapumua. Sasa mtu anakuja anapiga plasta ya saruji, unyevu na chumvi vinakosa pa kutokea, baada ya mvua kadhaa plasta inabanduka na jiwe lake, utaona vipande vizima vimelala chini barazani. Inaniuma sana kwa kweli, mji huu ulikuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka 1891 na misafara mingi ya pembe na watumwa iliishia hapa, halafu tunaumaliza kwa mfuko wa simenti! Fundi wa chokaa wapo, watafutwe.

Mama_Marimba
Mwanapwani nakuunga mkono ila urithi sio kuta peke yake jamani. Chuo cha Sanaa kimeanza 1981, na marehemu mwanamuziki Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliishi na kufundisha hapo Bagamoyo, zeze na ilimba (marimba ya vidole) zikasikika dunia nzima. Ukumbi wa makuti uliungua 2002 na ngoma hazikukoma. MpitaNjia mwambie dogo asikimbilie kinanda tu, akae na wazee wa ngoma akiwa bado anawapata.

MpitaNjia
Shukrani sana wakuu. Magofu ya Kaole je, ni mbali?

KijanaWaDunda
Sio mbali, bodaboda inakufikisha. Kuna msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo. Nenda asubuhi, jua la mchana pale halina mchezo, na chukua mtu wa kukuelezea maana ukienda peke yako utaona mawe tu.

Mama_Marimba
Na chumba mtafutie karibu na chuo, mazoezi ya usiku yanachelewa.