Michirizi ya ionosfia Tromsø: mbona 50 MHz kimya?

sikio_kaskazini:
Wakuu, naomba msaada. Nasikiliza kutoka Finland ya kati wakati mtambo wa kupasha joto ionosfia (tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme) wa EISCAT, shirika la utafiti wa anga, pale Ramfjordmoen karibu na Tromsø, unaporusha 5.423 MHz kwa modi ya O (moja ya namna mbili za wimbi kupita kwenye ionosfia). Natafuta mawimbi ya bikoni (vituo vinavyorusha ishara muda wote) za 50 na 144 MHz yakitawanywa na michirizi ya plazima, yaani gesi yenye umeme, inayoachwa na mtambo. Antena zangu mbili za Yagi zimeelekea kaskazini, kipokezi ni SDR (redio inayoendeshwa na kompyuta) yenye kristali ya kawaida ya kushika masafa. Sipati kitu. Kule Platteville, Colorado, kwenye mtambo wa namna hiyo, miaka ya 1970 walipata mtawanyiko mpaka UHF (masafa ya mamia ya MHz). Nibadilishe antena?

pembe_na_uga:
Usibadilishe, mkuu. Kinachokukwamisha ni pembe. Michirizi hiyo imelala kando ya mistari ya uga wa sumaku kama fito ndefu, kwa hiyo wimbi linaloingia na linalotoka lazima yafanye pembe ileile na mstari wa uga. Ukisubiri wimbi lirudi upande lilikotoka, lazima liupige mstari huo kwa nyuzi 90.

Tromsø mwinamo wa uga, yaani pembe ya mstari wa uga na ardhi, ni kama nyuzi 78. Wimbi linalotoka kusini linatakiwa kufika kwenye michirizi likiwa bado linapanda kwa nyuzi 12. Sasa chukua kimo cha km 250: wimbi lililoondoka ardhini sambamba kabisa na upeo, likaenda moja kwa moja, linafika pale likipanda kwa nyuzi 15.8, kwa sababu Dunia ni duara. Huwezi kushuka chini ya hapo. 50 MHz karibu haipindi kabisa, basi imeshindwa kabla hujawasha kipokezi.

Ukifikiri kumweka mpokeaji mahali pengine, bado. Wimbi limezidi pembe sahihi kwa nyuzi 3.8, na likitawanywa linabaki na ziada hiyohiyo, kwa hiyo likielekea kusini linashuka kwa nyuzi 8 tu na kupita juu ya Dunia bila kuigusa. Platteville mwinamo ni karibu nyuzi 68. Pale zinatakiwa 22, na mstari ulionyooka unazifikia vizuri.

Dawa ni kushuka HF (masafa mafupi, MHz 3 hadi 30), uiache ionosfia yenyewe ilipinde wimbi. Mtambo ukiwa kwenye 4.544 MHz, michirizi huota pale masafa ya plazima (kasi ya elektroni zake kutikisika) yanapokuwa karibu 4.34 MHz. Kwa hesabu ya Snell (kanuni ya kupinda kwa mawimbi) ya tabaka duara, wimbi linaloondoka nyuzi 0 linahitaji kama 24 MHz, la nyuzi 10 kama 17.5, la nyuzi 20 kama 11.4. Hayo ni makadirio ya upande wa kaskazini-kusini wa sumaku. Ukiwa pembeni, chukua modeli ya IGRF, ya uga wa sumaku wa Dunia, upige hesabu upya.

fundi_wa_masafa:
Naongezea hapo kwenye 5.423. Elektroni juu ya Tromsø huzunguka mistari ya uga kwa karibu 1.35 MHz, na mara nne yake ni 5.4. Karibu na kizidishio hicho michirizi hudhoofika sana, wakati mwingine hufifia kabisa. 4.544 iko mbali na mara tatu (4.05) na mara nne, ndiyo maana ni nzuri kwa kazi hii. Halafu angalia ayonosondi (rada inayopima ionosfia): foF2, yaani masafa ya juu kabisa yanayorudishwa wima na ionosfia, ikishuka chini ya masafa ya mtambo, wimbi linatoboa na kwenda zake angani. Jioni hilo hutokea haraka mno.

Kristali yako nayo itakusumbua. Plazima ikisogea 100 m/s, mwangwi wa 12 MHz unahama kama Hz 8. Kristali yenye kosa la sehemu moja kwa milioni imeshahama Hz 12, na inaendelea kutembea kadiri kisanduku kinavyopata joto. Funga SDR kwenye rejea ya 10 MHz inayoongozwa na GPS.

sikio_kaskazini:
Nimeelewa, asanteni sana. Nianze na ishara ipi sasa?

fundi_wa_masafa:
Kituo cha utangazaji cha masafa mafupi, chenye wimbi bebezi (wimbi kuu linalobeba matangazo) lililotulia. Watafiti wa St Petersburg wamefanya hivyo kwa miaka mingi wakitumia matangazo ya London yanayotawanywa juu ya Tromsø. Kata Hz 50 kila upande wa wimbi bebezi, zima AGC, kirekebishaji sauti cha kipokezi (vinginevyo wimbi la moja kwa moja litakuwa linapandisha na kushusha kila kitu), kisha fanya FFT (hesabu ya kuchambua masafa) za sekunde 10 ili upate hatua za Hz 0.1. Wimbi la moja kwa moja litakuwa mstari mnene katikati. Unachotafuta ni mstari mwembamba pembeni yake, unaotokea sekunde chache baada ya mtambo kuwashwa na kufifia ndani ya makumi ya sekunde ukizimwa. Usipofuata ratiba ya kuwasha na kuzima, usiuamini: aurora nayo huchora mstari wa namna hiyo, ila yenyewe haina saa.

pembe_na_uga:
Na kwa HF utatumia dipoli (antena ya waya), ipandishe. Kwenye 12 MHz, ikiwa mita 12.5 juu inasikia zaidi nyuzi 30. Kupata nyuzi 14 au 15 unahitaji mita 25.